Shoti ya Gari la Shahidi

Pikipiki mbili nyuma. Pikapu nyeupe ubavuni.

Sindano aliziona zote tatu ndani ya kioo kimoja, akakanyaga mafuta.

Gari lilikuwa mali ya Idara ya ujasusi. Jeusi, zito kama nyumba, vioo vyake vinene kama matofali. Risasi haipiti. Tatizo ni kwamba vioo hivyo havishuki, na hewa nayo haipiti. Ndani ya gari lile, kiyoyozi ndicho kilichokuwa mapafu.

Nyuma, amejikunja sakafuni, alikuwepo Muuguzi. Mama wa miaka sitini na moja, pumu ya tangu utotoni, ulimi kama wembe.

"Mwanangu, unaendesha au unapepeta?"

"Napepeta, mama. Usinyanyue kichwa."

"Haya. Ukimaliza, unihesabu upande wa mchele, si wa pumba."

Watoto kumi na mmoja walikufa katika wodi ya mama huyu kwa dawa bandia za sindano. Daktari mkuu alinyamaza. Wakubwa walinyamaza. Muuguzi peke yake alinakili namba za kila chupa kwenye daftari lake. Leo saa nane mchana alitakiwa asimame mbele ya jaji, amnyooshee kidole mtu aliyeingiza dawa zile nchini. Mtaani walimwita Mwarobaini, kwa kuwa alidai anatibu magonjwa arobaini.

Sindano akabonyeza redio yake, Motorola.

"Kituo, hapa Sindano. Nina wageni watatu."

"Hapa Kituo." Sauti ya Mkuu, kavu kama makapi. "Njia yako anaijua nani?"

"Mimi tu. Nimeichagua asubuhi nikipiga mswaki."

"Hakuna uliyemwambia?"

"Hata mswaki sikuuambia."

 Wote wawili walikuwa wanafikiri neno moja.

Msaliti.

Sindano akakata kushoto, akakata kulia, akapita kati ya malori mawili yaliyokuwa yakipishana. Pikipiki zikaja. Akazunguka soko la mbao. Zikaja. Kona kumi na moja, hazikukosea hata moja.

Ndipo kitu kikalia chini ya dashibodi. Tk.

Upepo wa baridi ukafa usoni pake.

"Mama, vumilia. Kiyoyozi kimezima tena."

Fyuzi. Mara ya tatu wiki hii. Jumatatu aliweka mpya, Jumanne akaweka nyingine, hakuchunguza. Alikuwa na msiba wake, akili haikuwa kwenye fyuzi.

Dakika mbili, jasho. Dakika tatu, kifua cha Muuguzi kikaanza kupiga filimbi. Sindano akaingia kichochoro cha nyuma ya maghala, akatazama kioo.

Pikipiki zilikuwa zimesimama njia panda.

Mpanda pikipiki wa kwanza alikuwa ameinamia simu iliyofungwa kwenye usukani wake. Akaigonga kwa kidole. Akaigonga tena. Kisha wote wawili wakaondoka kasi, moja kwa moja.

Wamepotea.

 Kona kumi na moja hawakukosea. Kiyoyozi kimekufa, nao wamepotea.

*

Ghala la matairi lilikuwa maficho ya Idara. Mlangoni alilinda Kobe, mtu mzito wa maneno ambaye hakuna aliyewahi kumwona akichelewa kuchomoa bastola. Alifunga lango, akamkalisha Muuguzi kwenye rundo la matairi mapya, akamwekea feni.

Saa tano kasoro robo. Kutoka hapo hadi mahakamani, dakika arobaini. Gari lingine lisilopenywa na risasi halikuwepo.

Simu ya Sindano ikatetema. Mkuu.

"Nimtume kaka yako? Hakuna fundi umeme kama yeye."

"Bado, Mkuu. Usimtume mtu. Nipe saa moja."

"Unaweza?"

"Alinifundisha yeye."

Kweli alimfundisha yeye. Mama yao alipofariki, Sindano alikuwa na miaka minane, kaka yake kumi na tisa, kibarua wa gereji. Kaka ndiye aliyempikia. Kaka ndiye aliyemsuka, mistari imepinda kama njia ya mbuzi, Sindano akaenda nayo shuleni akichekwa na asijali. Jioni alimkalisha kando ya injini: shika taa, usiyumbe, tazama. Sasa alikuwa mkuu wa gereji ya Idara, na kila gari la Idara lilipita mikononi mwake.

Sindano alifungua boneti.

Fyuzi haiungui bure. Ikiungua, kuna waya uliovuliwa nguo mahali. Kazi ni kuutafuta.

Alichomoa fyuzi iliyoungua, mahali pake akachomeka taa ya kupimia. Akawasha gari. Taa ikawaka vizuri, nyeupe.

"Mbona inawaka?" aliuliza Muuguzi kutoka kwenye matairi yake.

"Umeme unavuja mahali, mama; ikizima, nimepata panapovuja. Sasa natoa mgonjwa mmoja mmoja wodini, nione homa ni ya nani."

Akachomoa plagi ya kompresa, pampu ya kiyoyozi. Taa ikaendelea kuwaka. Akaipima koili ya kompresa kwa mita yake ya Fluke: nzima. Akachomoa swichi ya presha ya gesi, akaunganisha waya zake moja kwa moja. Taa palepale. Akabadilisha rilei, swichi ndogo ya umeme wake. Palepale.

Vifaa vyote vizima. Basi ugonjwa uko njiani, ndani ya waya wenyewe.

Akaanza kulifuata fungu la nyaya kwa vidole, akilitikisa kidogo kidogo, jicho kwenye taa. Nyuma ya betri, kimya. Kando ya rejeta, kimya. Chini, pale nyaya zinapopita juu ya kishikio cha chuma cha injini, alitikisa.

Taa ikazima.

Akaachia. Ikawaka.

"Nimekupata," alinong'ona.

Alikata tepu kwa kisu. Waya ulikuwa umesuguliwa na ncha ya kile chuma hadi shaba ikachungulia. Ila huo haukuwa waya wa kiwandani. Ulikuwa mwembamba, mweusi, umeungwa kwenye waya wa kompresa, ukateremka hadi kwenye kiboksi kidogo kuliko kiberiti, kimefichwa nyuma ya bamba.

Traka, ya kulifuatilia gari.

Sasa akaelewa. Kila asubuhi Idara ililikagua gari kwa mitambo ya kunusa mawimbi, injini ikiwa imezimwa. Traka hii ilikunywa umeme wa kiyoyozi. Gari likilala, nayo inalala, mitambo hainusi kitu. Gari likiondoka na shahidi ndani, kiyoyozi lazima kiwashwe, na traka inaamka.

Aliyeibuni aliijua Idara kama kiganja chake.

Sindano alivuta tepu ya mwisho pale nyaya zilipoungwa. Mkono ukasimama.

Chini ya tepu palikuwa na uzi. Uzi wa kushonea viatu, uliopakwa nta, umezungushwa mizunguko saba, fundo ndani.

"Tepu ni mnafiki," kaka yake alikuwa akisema. "Joto likija inakuachia. Uzi haumkimbii mtu."

Alikaa chini kwenye saruji. Mita ikamponyoka.

Kobe aligeuka. "Kuna nini?"

 Sindano alikuwa anamfikiria Twiga.

Twiga alikuwa mwenzake wa kazi miaka sita. Shingo ndefu, kicheko kirefu zaidi. Walikuwa na jambo ambalo kila mmoja alimngoja mwenzake aliseme kwanza. Alhamisi iliyopita alikuwa akiendesha gari hilihili, akimhamisha Muuguzi, akakuta gogo limelazwa barabarani, njia ambayo hakuna aliyeijua. Alishuka kuliondoa, akamwachia shahidi ile kinga ya vioo. Risasi tatu zikamwangusha. Hata hivyo alijikokota akarudi, akaondoa gari, akamfikisha Muuguzi salama.

Akafia kwenye usukani.

Sindano alichukua simu.

"Kaka. Njoo ghala la matairi. Kiyoyozi kimenishinda."

Upande wa pili, pumzi moja ndefu.

"Nakuja, mdogo wangu."

*

Alifika baada ya dakika kumi na tano, na sanduku lake la vifaa. Aliona boneti wazi. Aliona uzi ukining'inia. Akaliweka sanduku chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

"Umeuona."

"Nimeuona."

"Nilidhani utauona mapema zaidi."

Glock ilikuwa mkononi mwa Sindano. Hakukumbuka kuichomoa.

"Sema, Kaka. Na usinizungushe."

Alisema amesimama, macho kwenye injini. Mwaka aliofariki mama, watu walimjia gereji wakamwomba awashe gari lisilo na ufunguo. Ndani ya nyumba hamkuwa na unga. Akaliwasha. Gari lile lilikwenda kwenye uvamizi, mlinzi mmoja akauawa. Dereva wake alikuwa kijana mwenye maneno matamu. Miaka ikapita, kijana yule akawa Mwarobaini.

"Alinijia mwezi uliopita. Akasema atapeleka jina langu Idara. Ningefungwa mimi, sawa. Lakini nawe wangekufukuza. Jasusi aliyelelewa kwa damu ya mtu. Hicho ndicho alichokisema."

"Ukachagua kumuua Twiga."

"Sikuchagua!" Sauti ilipasuka. Akaishusha. "Tazama huo waya. Tazama ulipopita. Mimi, fundi wa miaka ishirini na tano, nipitishe waya juu ya ncha ya chuma bila kuuvika mpira?"

Sindano aliutazama.

"Niliuacha uliwe. Walikuwa wananichungulia kila hatua. Nikasema, waya utanisemea. Fyuzi itaungua, mdogo wangu ataifuata, ataikuta. Nilihesabu siku mbili." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Kile chuma kilikuwa kimepakwa rangi upya. Ikawa laini. Siku mbili zikawa tisa."

Alhamisi ilikuwa siku ya tano.

"Ungeniambia," Sindano alisema. "Mdomo ulikuwa nao. Ungenivuta pembeni jikoni kwako, ukaninong'oneza. Fyuzi, Kaka? Maisha ya mtu umeyaweka kwenye fyuzi?"

"Niliogopa jicho lako."

"Jicho langu?"

"Jinsi unavyonitazama sasa."

Feni ilizunguka. Muuguzi alikumbatia daftari lake kifuani.

"Kuna lingine," alisema Kaka. "Ni haki yako kulijua. Twiga alikuja nyumbani Jumatano, siku moja kabla. Alikuja kunizungumzia habari zako. Alitaka kukuoa. Aliogopa kukuambia, akaanza na mimi."

Sindano hakusikia tena feni.

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwita shemeji. Nikamwambia, nenda kamuulize mwenyewe Jumamosi, ukiwa huna zamu."

 Sindano akairudisha bastola mkandani mwake, kwa sababu alijua ikibaki mkononi dakika nyingine itafanya jambo ambalo halirudi.

Alitazama saa. Sita na dakika kumi.

Msiba ungemngoja. Jaji asingemngoja.

"Kobe, mfunge pingu. Mbele, si nyuma. Ninaihitaji mikono yake."

*

Mikono ya Sindano ilikuwa haishiki. Alijaribu kuuvua waya wa kompresa ngozi, koleo likateleza. Akajaribu tena, akajikata.

"Nipe," alisema Kaka. "Shika taa."

Aliishika. Hakuyumba.

Kazi ilichukua dakika nane. Kaka alikata kile kipande kilichoungwa, akaunga kipya, akazungusha uzi, akauvika mpira, akaupitisha mbali na chuma. Pingu zililia kila alipogeuza kiganja. Sindano alichomeka fyuzi mpya. Kiyoyozi kikavuma, baridi, bila kukatika.

"Ndugu, eti?" Muuguzi alisema taratibu. "Mnafanana mikono."

Sindano alifunga boneti.

Sindano aliifunga traka kwenye betri ya pikipiki, akaitumbukiza ndani ya tairi kubwa, akalipandisha kwenye lori. Kisha akampa Kaka simu, akawasha spika.

"Unajua la kusema."

Kaka alibonyeza namba. Ikapokelewa mlio wa kwanza.

"Gari limekufa," alisema. "Machimbo ya kokoto. Kiyoyozi hakina dawa, milango iko wazi, bibi amekwishazimia. Wameniita nitengeneze."

"Walinzi?" Sauti laini, ya mtu aliyeshiba.

"Mmoja. Dada yangu."

Kicheko. "Basi nakuja mwenyewe. Siku kama hii hatumwi mtu."

Simu ikakatika. Kaka akairudisha kwa mikono yote miwili.

"Mwangalie mkono wa kushoto," alisema. "Hupiga kwa kushoto."

Saa sita na nusu. Kobe aliondoka na gari jeusi, Muuguzi kiti cha nyuma, safari hii amekaa wima. Kabla ya mlango kufungwa alimshika Sindano kidole.

"Yule kijana wa shingo ndefu, siku ile, alikuwa anaongea njia nzima. Mimi nilikuwa nyuma yake. Hakuwa anaongea na mimi; alikuwa anafanya mazoezi ya kukuuliza wewe."

Mlango ukafungwa. Tani tatu za chuma zikaondoka.

*

Machimbo yalikuwa meupe kwa jua. Lori liliegeshwa katikati, boneti juu. Watu wanne wa Idara walilala nyuma ya vilima vya kokoto. Sindano alilala kwenye kilima cha tano.

"Kituo kwa Sindano. Shahidi yuko daraja la pili. Njia nyeupe."

"Nimesikia."

Saa saba na dakika ishirini, pikapu nyeupe iliingia. Nyuma yake pikipiki mbili. Mwisho, gari la kijivu.

Mwarobaini alishuka. Shati la kupigwa pasi, leso mkononi. Alitazama lori. Alitazama simu yake. Alitazama lori tena.

Nukta ilikuwa palepale. Gari jeusi halikuwepo.

"Rudini!" alifoka.

Amechelewa.

Risasi ya kwanza ya Sindano ilitoboa tairi la kijivu. Ya pili, tairi la pikapu. Watu wa Idara wakainuka pande nne. Mpanda pikipiki mmoja alijaribu kuchomoka, akakutana na waya uliovutwa njiani, akaruka juu ya usukani. Wengine walitupa silaha.

Mwarobaini alijificha nyuma ya mlango. Mkono wa kushoto ukatokea na bastola.

Sindano alikuwa anaungoja ule wa kushoto.

Pa!

Bastola ikaruka kokotoni. Mwarobaini alipiga magoti, amekumbatia kiganja chake. Alipomwona anayemjia, akatabasamu.

"Mdogo mtu. Umeshamuuliza kakako ni nani aliyekulisha?"

"Nimemuuliza."

"Nikienda mahakamani nitasema. Magazeti yote."

"Sema. Mimi nimeshaandika ripoti. Jina lake ni la kwanza, langu la pili." Alimkandamiza kisogo kwa mtutu wa Glock. "Siri uliyokuwa ukituendesha nayo imekufa mchana huu."

Tabasamu lilikauka. Kidole chake Sindano kilikuwa kwenye kifyatulio. Aliziona risasi tatu. Aliiona shingo ndefu imelalia usukani. Hapakuwa na shahidi zaidi ya kokoto, na wale wanne wangetazama pembeni.

Motorola ikakoroma.

"Sindano, hapa Kituo. Shahidi amefika. Anangoja kuapishwa."

Alivuta pumzi hadi chini kabisa. Akaondoa kidole.

"Simama. Kuna bibi anataka kukuona."

*

Saa kumi na moja jioni alishuka kwenye mtaa wa nyumba za ukuta wa kijani. Alikuwa ameomba yeye mwenyewe. Mkuu alimwambia kazi hiyo ina watu wake, wamesomea. Sindano akasema hakuna somo la hivyo.

Wifi yake alikuwa anaanika nguo. Ovaroli mbili za gereji, magoti meusi kwa grisi isiyotoka, zilikuwa zinadondosha maji.

"Karibu, wifi! Wewe na kakako mmenisusa leo. Nampigia hapokei." Akamtazama vizuri. "Mbona macho mekundu?"

"Vumbi la kokoto." Sindano akamvutia kigoda. "Kaa kwanza, wifi."

"Nikikaa utaniambia jambo baya. Acha nisimame."

Akamwambia akiwa amesimama. Hakuficha: uvamizi wa zamani, uzi wa viatu, siku tisa, Twiga. Na kwamba yuko hai, yuko mahabusu, na hatarudi kwa muda mrefu. Wifi alikuwa ameshika kibanio cha nguo muda wote. Kilivunjika kiganjani.

"Alikuwa halali usiku, anakaa tu kitandani," alisema mwishowe. "Nikadhani mgongo."

"Pole, wifi."

"Aliyemkamata ni nani?"

Sindano angeweza kusema Idara. Angeweza kusema Kobe.

"Mimi."

 Wifi hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu. Aliokota beseni lake, akaingia ndani, akaurudisha mlango pole pole hadi komeo likalia.

Sindano alibaki na zile ovaroli. Moja ilikuwa imepinda kambani, mkono umejikunja. Aliinyoosha, akaibana vizuri isianguke.

Kisha akavaa miwani ya jua, akatoka.

Mtaa ulikuwa na mambo yake. Mtu alikuwa anagonga bati, redio ilikuwa inasoma habari: shahidi mmoja, saa mbili kizimbani, hakutetereka, mtuhumiwa amenyimwa dhamana. Watu waliokuwa wakisikiliza dukani wakapiga makofi. Sindano alipita katikati yao na hakuna aliyegeuka.

Simu ikatetema.

"Sindano." Mkuu. Ule ukavu wa sauti ulikuwa umepungua. "Uko wapi? Gari likufuate?"

"Hapana, Mkuu. Natembea."

"Unakwenda wapi?"

Alifikiri. Mbele kulikuwa na kona. Kushoto ilikuwa njia ya kituoni, kulia ilikuwa njia ya makaburini, ambako kulikuwa na mtu aliyekuwa bado hajajibiwa.

"Kuna swali niliulizwa," alisema. "Nakwenda kusema ndiyo."

Akazima simu, akakata kulia.